Matokeo ya Takwimu Yaitwe kwa Majina

Lugha ya R, husema wengi wanaoijia kutoka Python au MATLAB, ina upungufu mmoja wa aibu: funksheni yake hairejeshi zaidi ya kitu kimoja. Ukitaka wastani, mchepuko sanifu na idadi ya vipimo kwa pamoja, huwezi kuandika majina matatu upande wa kushoto wa mshale ukapokea thamani tatu kutoka kulia. Inakubidi uzifunge zote katika orodha, uipokee orodha nzima, kisha urudi kuchomoa kimoja kimoja kwa alama ya dola. Wanaolalamika huiita hiyo njia ya panya: mjenzi alisahau mlango, wakazi wakatoboa ukuta. Lalamiko limezoeleka kiasi kwamba zipo pakiti za R, kama zeallot na gsubfn, zinazoleta alama za kuigawa orodha kwa majina kadhaa kwa mkupuo mmoja, na wapo wanaozipokea kana kwamba zimeziba pengo kubwa. Mimi naupinga mtazamo huo tangu kwenye msingi wake. Matokeo ya uchambuzi wa takwimu ni kitu kimoja chenye viungo vingi, na kila kiungo hujulikana kwa jina lake. Anayeomba kuvipokea viungo hivyo kwa foleni, cha kwanza, cha pili, cha tatu, anaomba majina yaondolewe mahali hasa ambapo yanahitajika kuliko pengine pote.

Tuanze na dai kwamba R ilisahau. R ni mtoto wa S, lugha iliyoanza kujengwa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1976 na John Chambers pamoja na wenzake. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha R katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Katika matoleo ya mwanzo mtu aliruhusiwa kuandika ndani ya return() vitu kadhaa vilivyotenganishwa kwa mkato, na R haikulalamika. Kilichorejeshwa kilikuwa nini? Orodha ileile, yenye majina ya vitu vilivyoandikwa. Ruhusa hiyo ikaanza kuondolewa kwa onyo katika toleo la 1.8.0 la mwaka 2003, na leo anayejaribu hukutana na ujumbe wa kosa unaomkataza waziwazi. Kwa hiyo mlango unaodaiwa kusahauliwa ulikuwapo, ukatumika, kisha ukazibwa kwa makusudi. Thamani nyingi zilikuwa sura tu. Chini yake kulikuwa na kitu kimoja, na wenye lugha wakaona heri mwandishi akiseme kitu hicho kwa jina lake, list(), kuliko kukificha nyuma ya mikato.

Hata kabla ya R kutangazwa kwa umma uamuzi mkubwa ulikwisha kufanywa. Mwaka 1992 Chambers na Trevor Hastie walihariri kitabu cha Statistical Models in S, na humo modeli ya takwimu ikawa kitu kinachoweza kushikwa, kuhifadhiwa, kuulizwa maswali na kupelekwa kwa funksheni nyingine. Kabla ya hapo programu nyingi za takwimu zilifanya regresheni kwa kumwaga kurasa za namba, na kazi ya mashine ikaishia hapo. Namba zilikuwa za kusomwa na jicho, basi. Wazo la kitu kimoja ndilo lililobadilisha hali hiyo. Chukua data ya cars inayokuja ndani ya R yenyewe: vipimo 50 vya magari vya miaka ya 1920, kasi kwa maili kwa saa na umbali wa kusimama kwa futi. Ukiandika lm(dist ~ speed, data = cars), skrini itakuonyesha namba mbili tu: mstari unakata mhimili wima kwenye −17.58 (hicho ndicho kikato), na mteremko wake ni 3.93. Mgeni hudhani funksheni imerejesha namba mbili. Lakini ukiipa kitu hicho funksheni ya names(), yanajitokeza majina 12: vizidishi, mabaki, thamani zilizokadiriwa, digrii za uhuru zilizobaki, amri iliyoandikwa, data iliyotumika, na mengine. Kutoka kwenye kitu hicho kimoja summary() hupata makosa sanifu, predict() hukadiria gari ambalo halijapimwa, plot() huchora mabaki, anova() hulinganisha modeli mbili. Kama lm() ingetawanya viungo vyake kwenye vibadiliko 12 huru, kila moja ya funksheni hizo ingelazimika kuvikusanya upya, nawe ungebaki na wasiwasi kama mabaki unayoyachora ni ya modeli hii au ya ile uliyoiendesha asubuhi.

Hapo ndipo takwimu inapoachana na aina nyingine za kuandika programu. Funksheni inayofungua faili inaweza kurejesha faili pamoja na ujumbe wa kosa, kama ilivyo desturi ya lugha ya Go, na hakuna atakayechanganya faili na ujumbe, maana ni vitu vya aina mbili tofauti kabisa. Mashine yenyewe itagoma. Matokeo ya takwimu hayana kinga hiyo. Mteremko ni namba, kikato ni namba, kosa sanifu ni namba, thamani ya p ni namba, mpaka wa chini na mpaka wa juu ni namba. Ukizibadilishana nafasi hakuna kitakachogoma. Hesabu itaendelea, jedwali litajazwa, ripoti itatoka. Mchambuzi aliyepokea kwa nafasi hana ulinzi wowote isipokuwa kumbukumbu yake, na wengi wanaotegemea kumbukumbu hiyo waliusoma mpangilio mara moja tu.

Mfano halisi ni funksheni ya linregress katika pakiti ya SciPy ya Python, inayopendwa kwa sababu ya mstari mmoja mfupi: majina matano kushoto, funksheni kulia, kazi imekwisha. Inarejesha mteremko, kikato, r, thamani ya p na kosa sanifu la mteremko, kwa mpangilio huo. Tazama kwanza kwamba mteremko umetangulia, ilhali coef() ya R hutanguliza kikato. Aliyezoea upande mmoja akahamia mwingine anabeba mazoea yake bila kuonywa na mtu. Kisha tazama ya tatu. Ni r, yaani uwiano wenyewe. Haijapandishwa kwenye kipeo cha pili. Katika data ya cars r ni takriban 0.81, na r ya kipeo cha pili ni takriban 0.65. Anayepokea ya tatu na kuibandika jina r2 kwa mkono wake mwenyewe atatangaza kwamba kasi inaeleza asilimia 81 ya tofauti za umbali wa kusimama, na namba hiyo haina sura ya kosa hata kidogo. Iko kati ya sifuri na moja, inapendeza, inalingana na picha. Kosa sanifu la mteremko, 0.42, nalo liko kati ya sifuri na moja. Zote zinaweza kukaa mahali pa mwenzake na meza ya mhariri isigundue. Aliyeomba kwa jina, rvalue, ameambiwa na jina lenyewe alichopewa.

Watetezi wa foleni wana jibu hapa, na jibu lenyewe lina uzito. Python, wanasema, hukataa papo hapo majina yasipolingana na idadi ya thamani: ukiandika manne na funksheni ikatoa matano, programu inasimama. Ni kweli. Lakini kinga hiyo hulinda idadi, hailindi mpangilio, na makosa ninayoyahofia ni ya mpangilio. Tena kinga hiyo ina bei, na bei yake imekwisha kulipwa hadharani. Watengenezaji wa SciPy walipotaka linregress itoe pia kosa sanifu la kikato, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa takwimu angelitarajia tangu mwanzo, hawakuweza kuliweka kwenye foleni. Kuongeza la sita kungevunja kila programu duniani iliyoandikwa kwa majina matano. Basi wakafanya kitu cha ajabu: matokeo yanajifanya fungu la vitu vitano kwa anayeyagawa kwa foleni, na cha sita hupatikana tu kwa anayekiita kwa jina lake, intercept_stderr. Maelezo rasmi ya funksheni yenyewe yanakiri kwamba kwa mtindo wa foleni kosa sanifu la kikato halipatikani. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angeudai. Funksheni iliyokuwa mfano wa uzuri wa kurejesha kwa nafasi imebanwa na uzuri huohuo, na njia pekee ya kuipanua ilikuwa kurudi kwenye majina.

Wala haikuwa peke yake. NumPy, mhimili wa hesabu za kisayansi za Python, katika toleo la 1.25 la mwaka 2023 ilibadilisha funksheni kadhaa za aljebra ya mstari, zile za thamani eigeni na za kuvunja matriksi zikiwamo, ili fungu zinalorejesha liwe na majina. Faida yake inaonekana mara tu unapozilinganisha lugha. Katika R, eigen() hutoa thamani eigeni na vekta eigeni, kila moja kwa jina lake. NumPy nayo hutanguliza thamani. MATLAB, ukiomba vitu viwili, hutanguliza vekta kisha matriksi ya thamani. Ukiomba kimoja tu, hukupa thamani. Kwenye svd, mojawapo ya funksheni za kuvunja matriksi, hali ni ya hatari zaidi: kiungo cha tatu katika MATLAB ni V, katika NumPy ni V iliyogeuzwa safu kuwa nguzo, na vyote viwili ni matriksi za mraba zenye ukubwa uleule, hivyo kuzidisha kwa moja mahali pa nyingine hakuleti ujumbe wa kosa. Kuleta jibu kunaleta, lakini si jibu la swali lililoulizwa. MATLAB yenyewe, inayosifiwa kwa mabano yake ya kupokea vitu vingi, ina funksheni ya regress inayotoa vitu vitano, na cha tano ni vekta ya namba nne zisizo na jina hata moja: r ya kipeo cha pili, F, thamani ya p, na makadirio ya tofauti ya makosa. Namba nne uchi, na aliyesahau mpangilio arudi kwenye kitabu. Baadaye ikaja fitlm, inayorejesha kitu kimoja, modeli, ambayo viungo vyake huitwa kwa majina. Wanaoitaka R iwafuate majirani waangalie kwanza majirani wanaelekea wapi.

R nayo haijaokoka kwa kuwa tu inarejesha orodha, maana orodha yake inaweza kuguswa kwa nafasi pia, na wapo wanaoandika mabano mawili na tarakimu ndani yake. Ushahidi dhidi yao uko katika funksheni mbili zinazotumiwa kila siku. Ya kwanza ni t.test(). Zamani kiungo chake cha saba kilikuwa neno linaloeleza kama jaribio ni la upande mmoja au pande mbili. Baadaye wenye R wakaongeza kosa sanifu, wakaliweka kabla ya neno hilo, na kiungo cha saba kikawa namba. Aliyeita kwa jina hakugundua badiliko lolote, wala hakuwa na haja. Aliyeita kwa tarakimu 7 alipewa kitu kingine kabisa. Ya pili ni lm() yenyewe, na hii inanisikitisha zaidi kwa sababu haihitaji hata toleo jipya la lugha. Katika modeli ya cars, kiungo cha tisa ni xlevels. Sasa endesha modeli ya ozoni kwa upepo kwenye data ya airquality, vipimo vya siku 153 vya hewa ya New York mwaka 1973. Ozoni haikupimwa siku 37, hivyo modeli inatumia siku 116, na R, kwa uaminifu, inaongeza kiungo cha kukumbuka safu zilizoachwa, na.action, ambacho kinakaa nafasi ya tisa. Majina yamekuwa 13, na vyote vilivyofuata vimesogea hatua moja. Yaani nafasi ya kiungo inategemea kama data ina mapengo! Msimbo uliojaribiwa kwenye data safi ya darasani utavunjika, au utadanganya, siku ya kukutana na data ya kliniki au ya shambani, ambayo mara nyingi ina mapengo.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi ni la uchovu wa vidole: kuandika matokeo$wastani, matokeo$mchepuko, matokeo$idadi, tena na tena, kunarefusha msimbo na kuchosha jicho. Sehemu ya pingamizi hili inajibiwa na R yenyewe: with() huruhusu kuviita viungo kwa majina mafupi ndani ya hesabu moja, na coef(), resid(), fitted(), confint() na vcov() hutoa viungo vya modeli za aina nyingi bila mtu kujali vimehifadhiwa vipi ndani. Lakini jibu kubwa liko kwingine. Uchambuzi wa kweli haufanywi mara moja. Una kaunti 47 za Kenya, au mikoa 26 ya Tanzania Bara, na unataka funksheni ileile iendeshwe kwa kila eneo. Funksheni inayorejesha kitu kimoja unaikabidhi kwa lapply(), unapata orodha ya vitu 47, kila kimoja kikiwa kamili, kisha unachomoa thamani ya p ya kila kaunti kwa mstari mmoja mwingine. Kesho mkuu wako akitaka mipaka ya uhakika pia, huendeshi chochote upya, imo tayari. Aliyepokea kwa foleni hana cha kumpa lapply(). Atapokea vitatu kwa kaunti ya kwanza, na vitatu vya kaunti ya pili vitavifuta vile vya kwanza, isipokuwa aunde vekta tatu tupu na kuzijaza kwa mzunguko, akilinda kwa mikono mitatu kile ambacho orodha ingekilinda kwa mmoja. Uchovu wa vidole aliouepuka kwenye mstari mmoja anaulipa kwenye mistari ishirini.

Na kuna jambo ambalo kupokea vichache hukaribisha kimyakimya. Funksheni ya optim(), inayotafuta thamani zinazopunguza gharama hadi chini kabisa, hurejesha viungo vitano: vigezo vilivyopatikana, thamani ya gharama, hesabu ya majaribio, alama ya kufika, na ujumbe. Alama ya kufika ikiwa 0, utafutaji umekamilika. Ikiwa 1, idadi ya mizunguko imekwisha kabla ya kufika, na kwa njia ya Nelder na Mead, ambayo ndiyo ya kawaida, kikomo ni mizunguko 500. Anayetaka vigezo tu huvichukua vigezo tu. Vigezo hivyo vina desimali nyingi, vinaonekana vimekamilika, na havina alama yoyote usoni inayosema kwamba mashine ilisimama katikati ya mteremko. Habari ya kutofika iko kwenye kiungo jirani. Kitu kizima kikihifadhiwa, habari hiyo inabaki, na mkaguzi atakayekuja mwezi ujao anaweza kuiuliza. Vigezo vikitenganishwa na alama yao, imepotea. Ndiyo maana sikubali kwamba kugawanya matokeo ni suala la ladha ya uandishi tu. Namba inatenganishwa na ushahidi wa kuiamini au kutoiamini.

Sitaficha kwamba alama ya dola ya R ina kasoro, na ni kasoro mbaya. Ukikosea jina, kwa mfano ukaandika herufi moja zaidi, R haikatai. Inakupa NULL, yaani utupu. Jumlisha utupu huo kwa sum() na jibu ni sifuri, bila onyo. Zaidi ya hapo, dola hukubali jina lililokatwa: modeli$coef hukupa coefficients kwa sababu hakuna kiungo kingine kinachoanza hivyo, na siku kitakapokuwapo, tabia itabadilika. Mabano mawili yenye jina kamili huondoa tatizo la pili, lakini kwa orodha hayaondoi la kwanza. Wapinzani hutumia haya kama hoja ya kuachana na majina. Naona wanatibu kichwa kwa kukikata. Jina lililokosewa linaweza kukaguliwa: mpangilio wa warnPartialMatchDollar hutoa onyo kwa jina lililokatwa, stopifnot() husimamisha programu kiungo kisipokuwapo, na matokeo yote yakiwa namba, vekta yenye majina hugoma yenyewe kwenye mabano mawili jina lisipopatikana. Nafasi iliyokosewa haina mkaguzi. Hakuna funksheni duniani inayoweza kukuambia kwamba ulipoandika 4 ulikusudia 5. (Hapa pia tahadhari ndogo kwa wanaochagua vekta: ukichanganya namba na maneno ndani ya c(), namba zote hugeuka maneno, na wastani wa 54.2 unakuwa maandishi yasiyojumlishika. Mchanganyiko ni kazi ya orodha.)

Pingamizi lililo zito kuliko yote halihusu majina, linahusu mzigo. Kitu cha lm() hubeba ndani yake data iliyotumika kujenga modeli, na kwa faili kubwa kinakuwa kizito kukihifadhi. Zaidi ya uzito, kuna siri. Mtafiti wa afya anayemtumia mwenzake modeli iliyohifadhiwa, akidhani ametuma vizidishi vichache, huenda ametuma umri, uzito na majibu ya vipimo vya kila mgonjwa aliyekuwa kwenye modeli. Hatari hiyo ni ya kweli na sioni ikielezwa inavyostahili. Kuandika model = FALSE huondoa jedwali la data, lakini mabaki na thamani zilizokadiriwa hubaki, safu kwa safu, na mabaki ukiyajumlisha na makadirio unapata tena kipimo cha kila mtu. Je, hili linawapa haki wanaotaka foleni? Hapana, linamtaka mwandishi wa funksheni atimize wajibu wake. Aandike funksheni yake mwenyewe inayoizunguka lm(), na irejeshe orodha fupi aliyoichagua kwa akili: vizidishi, makosa sanifu, digrii za uhuru, idadi ya safu zilizotumika, idadi ya zilizoachwa. Hicho bado ni kitu kimoja, bado kina majina, na hakibebi mgonjwa hata mmoja.

Nakubali pia kwamba ipo mahali ambapo nafasi inatosha. Funksheni ya range() hurejesha namba mbili, ndogo kisha kubwa, na hakuna binadamu anayetarajia kinyume. Kuratibu za nukta kwenye grafu ni za namna hiyo. Mpangilio ukiwa umo ndani ya maana yenyewe, jina haliongezi kitu. Lakini mtu ajiulize ni matokeo mangapi ya takwimu yana mpangilio wa aina hiyo. Kati ya mteremko na kikato, kipi ni cha kwanza kwa asili yake? Hakipo; ndiyo sababu SciPy na R zimetofautiana, na zote zina haki.

Mbaya kuliko foleni ni njia mbili ambazo wanaokosa subira na orodha huishia kuzitumia. Moja ni mshale wenye vichwa viwili, <<-, unaoitoa thamani nje ya funksheni na kuiweka uwanjani ambako kila funksheni nyingine inaweza kuikanyaga. Stata, inayotumiwa sana na wachumi na watafiti wa afya, inatoa funzo la wazi: amri ya summarize huacha wastani kwenye r(mean) na mchepuko kwenye r(sd), majina mazuri kabisa, lakini kisanduku cha r() ni cha wote, na amri inayofuata ya jamii hiyo hufuta yaliyomo. Jina zuri ndani ya kisanduku cha wote halitoshi; kitu lazima kiwe na mwenyewe. Njia ya pili ni kuchapa matokeo kwenye skrini kwa cat() au print(), kisha kuyanakili kwa mkono kwenda kwenye tasnifu. Kuchapa si kurejesha. Kilichochapwa hakiwezi kuhesabiwa tena, na tumekwisha kuona kwamba lm() huchapa namba mbili ilhali ina viungo 12.

Wasimamizi wa tasnifu na walimu wa takwimu, msiwaambie tena wanafunzi kwamba orodha ni njia ya panya. Siku ya kwanza ya somo la funksheni waagizeni waandike names(lm(dist ~ speed, data = cars)), wasome majina yote 12 kwa sauti, na kueleza kila moja ni nini, kabla hawajaruhusiwa kunakili namba hata moja.